Shali ya pamba kwenye fremu ya misumari: shajara ya mradi, Wete

Mwisho wa Mei. Lengo na fremu

Tunafuma shali ya pembetatu: ukingo mrefu sentimita 140, kina kutoka shingoni hadi ncha ya mgongoni sentimita 70, uzi wa pamba mtupu. Atakayeivaa ni mama mtu mzima anayeamka kabla ya adhana ya alfajiri na anayesafiri mara kwa mara kwa meli kutoka Mkoani kwenda Unguja, ambako upepo wa kusi juu ya sitaha haumwonei mtu huruma.

Kipupwe cha Pemba si baridi ya sufu. Usiku wa Julai joto hushuka mpaka karibu nyuzi 22, na jua likitoka mtu anatoa jasho. Kwa hiyo shali inayofaa hapa ni ile inayopitisha hewa, na hewa haipatikani kwa kununua uzi mwembamba peke yake. Inapatikana kwa kufuma kwa ulegevu. Maamuzi yote yanayofuata, kuanzia nafasi ya misumari hadi namna ya kufunga ukingo, yametokana na hilo.

Fremu, ambayo kila msumari wake unashika kitanzi kimoja cha uzi, ni mbao mbili ndefu za inchi 2 kwa 2, kila moja sentimita 110, zimelazwa sambamba zikiachana sentimita 7. Upande wa kichwani kuna kipande cha mbao cha sentimita 7 chenye misumari. Upande wa miguuni kuna kipande cha saizi hiyo hiyo kisicho na msumari hata mmoja; kazi yake ni kuzuia mbao zisisogeleane. Kila kiungo kimekazwa kwa skrubu mbili bila gundi, ili fremu ifunguliwe na kuwekwa juu ya kabati kazi ikisha.

Misumari ni ya inchi mbili na nusu. Imesimama sentimita 1 kutoka ukingo wa ndani wa mbao, na kutoka katikati ya msumari mmoja hadi katikati ya mwingine ni milimita 15. Mbao ndefu zina misumari 68 kila moja, kichwani 5, jumla 141. Ndani ya mbao inaingia milimita 30, nje inabaki 33 hivi.

Mbao ni msonobari wa bara. Mvinje unapatikana kwa wingi hapa kisiwani na ni mgumu, lakini ukipanga misumari karibu karibu hivi unapasuka kwa mstari mzima. Msonobari nao una kasoro yake: ukiwa na fundo hata moja katikati unapinda, na fremu ndefu inavutwa kwa ndani na kitambaa muda wote. Chagua mbao iliyonyooka, itazame kwa jicho moja kutoka mwishoni kabla hujalipa. Mbao ya inchi 1 kwa 2 ni rahisi zaidi lakini kwa urefu huu haifai. Katikati itasogea sentimita nzima na vitanzi vya hapo vitakuwa vikubwa kuliko vya pembeni.

Toboa kwanza kwa keekee ya milimita 2.5, ndipo ugonge. Bila tundu, msumari wa tatu au wa nne unafuata nyuzi za mbao na kulala upande.

Kutu ndiyo adui mkubwa. Msumari wa kawaida, kwa hewa yetu ya bahari, unaanza kuwa mwekundu ndani ya wiki chache, na doa la kutu kwenye pamba halitoki kwa sabuni. Hata wa zinki unachubuka kichwani unapogongwa. Tumevisha kila msumari ganda la waya mnene wa umeme, kipande cha milimita 30, saizi inayoingia kwa kusukuma. Livishwe kutoka upande wa ncha kabla ya kugonga, maana kichwa cha msumari ni kipana na baada ya hapo halipiti tena. Ganda linafanya kazi mbili: linazuia kutu na linanenepesha msumari, kitanzi kinakuwa kikubwa kidogo na ndoano ya kufumia inapita bila kukwaruza.

Msasa namba 120, halafu 220. Vanishi hatukupaka, kwenye unyevu wa masika inanata na uzi unashika nywele na vumbi.

Kila msumari wa kumi una tone la rangi ya kucha kichwani. Kitu kidogo, lakini bila hiyo utahesabu misumari 141 kila ukipotea.

Juni, mwanzo. Uzi

Uzi uliochaguliwa ni pamba ya kibonge cha gramu 100, mita 170, unafumwa nyuzi mbili kwa pamoja. Nyuzi mbili zinajaza nafasi ya milimita 15 bila kukaza. Uzi mmoja unatoa wavu wa kuvulia dagaa.

Akriliki ni nyepesi na inakauka haraka, lakini hainywi jasho, na pasi ya moto inaulaza uzi mara moja na moja kwa moja. Sufu ni nzuri mno mkononi kwa sababu inavutika. Pamba haivutiki, ndiyo maana mwenye mkono mgumu anaiona pamba inamtesa. Ila sufu kwa kabati za huku ni chakula cha nondo, na ikifuliwa kwa maji ya moto na kusuguliwa inajikunja na kuwa nene kama kitambaa cha zulia. Pamba ibaki.

Vibonge vitano vimenunuliwa kwa pamoja, namba ya rangi moja. Hii isipuuzwe. Kibonge cha sita kikitoka kwenye mtio mwingine wa rangi, tofauti dukani haionekani, lakini juu ya bega inaonekana kutoka upande wa pili wa uwanja.

Rangi imepimwa: kipande cha uzi kimelowekwa kwenye maji ya uvuguvugu, kikafungwa ndani ya kitambaa cheupe na kubanwa. Nyekundu na buluu iliyoiva ndizo zinazotoa zaidi. Watu huongeza siki au chumvi wakiamini rangi itashika. Kwa pamba iliyokwisha kutiwa rangi, siki haishikizi kitu. Suuza mpaka maji yawe meupe, ikikataa kabisa badilisha uzi. Tuliochagua ni wa rangi ya mchanga na haukutoa chochote.

Juni, wiki ya pili. Sampuli

Misumari 20, mistari 40. Ilipotoka kwenye fremu ilikuwa na upana wa sentimita 19 na urefu wa 19. Ikafuliwa, ikakaushwa kwa kulazwa: 20 kwa 20. Kwa hiyo vitanzi 10 ni sentimita 10, mistari 20 ni sentimita 10. Halafu tukaitundika kwa vibanio usiku kucha ikiwa mbichi, na asubuhi urefu ulikuwa 22. Hapo ndipo unapoona kwa nini shali ya pamba haianikwi kwenye kamba.

Sampuli imetumika pia kupima uzi. Fumua vitanzi kumi, nyoosha, pima: sentimita 32. Pembetatu nzima ina vitanzi kama 10,000, kwa hiyo mita 320 za nyuzi mbili, yaani mita 640 za uzi mmoja. Hiyo ni karibu vibonge vinne. Cha tano ni cha sampuli, ukingo na matamvua.

Juni, wiki ya pili. Kuanza

Kuna mistari ya aina mbili, inayopokezana.

Mstari wa mbele: uzi unatoka ndani, unapita mbele ya msumari juu ya kitanzi kilichopo, unarudi ndani. Ndoano inainua kitanzi cha chini, kinavuka uzi na kichwa cha msumari, kinaangukia ndani.

Mstari wa nyuma: uzi unashikwa chini ya kitanzi. Ndoano inaingia kitanzini kutoka juu, inauvuta uzi utokeze juu kama kitanzi kipya. Cha zamani kinavuliwa, kipya kinavishwa msumari.

Ukifuma mistari ya mbele mitupu, unakwenda haraka na kitambaa kinavutia machoni, lakini kikitoka kwenye fremu kinajikunja pembeni kama jani la mgomba juani, na hakuna pasi itakayokinyoosha. Kupokezana mbele na nyuma ndiko kunakokifanya kilale.

Kwa mwanzo: zungusha uzi mzunguko kamili kwenye misumari mitatu ya katikati ya kichwa cha fremu. Mstari wa kwanza ni wa mbele. Ukifika mwisho wa mstari, zungusha uzi mzunguko kamili kwenye msumari mtupu unaofuata. Hicho ni kitanzi kipya. Geuka, fuma mstari wa nyuma, mwisho wake ongeza msumari wa upande wa pili. Basi. Kila mstari unazaa kitanzi kimoja, mara kushoto mara kulia, na kazi inashuka pande zote mbili za fremu kutoka kichwani.

Kwa kuwa mistari miwili ina kimo sawa na upana wa kitanzi kimoja, ncha inajitengeneza yenyewe kuwa pembe mraba. Hakuna kuchora, hakuna kupunguza. Mistari 138 inakupa vitanzi 141 na kina cha sentimita 69.

Mistari kama kumi ya mwanzo ni mibaya machoni. Kitambaa ni kidogo, hakina uzito wa kujivuta, vitanzi vinapanda mpaka vichwani mwa misumari. Funga kibanio cha nguo kwenye ncha kiivute chini, kinatosha.

Juni, mwisho. Msumari wa 31 na viua

Shali isiyo na pambo ni blanketi lililokatwa. Kila inapoongezeka misumari 20 tunatia mstari mmoja wa viua, yaani vitundu vya pambo, wazo lililochukuliwa kwenye kofia zetu za kushonwa kwa mkono. Unaanza pale mstari unapoanza na misumari 31, halafu 51, 71, 91, 111 na 131. Yote hiyo inaangukia kwenye mstari wa mbele, na ndivyo itakiwavyo.

Acha vitanzi vitatu vya kila pembeni vifumwe kawaida. Katikati, hamisha kitanzi cha pili ukivishe juu ya cha kwanza, cha nne juu ya cha tatu, na kuendelea. Idadi ya katikati ni witiri kila mara, kwa hiyo cha mwisho kinabaki peke yake, kifume kawaida. Msumari wenye vitanzi viwili unafumwa kama mmoja: vyote viwili vinavushwa kwa pamoja. Msumari uliobaki mtupu unazungushiwa uzi mzunguko kamili. Mstari wa nyuma unaofuata unafumwa kama kawaida, na tundu linafunguka.

Kinachoharibika hapa ni kimoja karibu kila mara: msumari mtupu umesahauliwa. Hesabu mwisho wa mstari ule ule. Ukigundua mistari minne baadaye, kitambaa kimeshabana pale na kiua kimekuwa kovu.

Kabla ya kila mstari wa viua, pitisha uzi mwembamba wa cherehani kwa sindano ndani ya vitanzi vyote vilivyo kwenye misumari, uuache humo. Mambo yakiharibika unafumua mpaka hapo na vitanzi havikimbii. Uzi huo unachomolewa mwisho.

Julai, mwanzo. Msumari wa 70

Kwa hesabu, uzi wa karibu kibonge kimoja umekwisha, yaani robo ya shali nzima. Pembetatu inakula uzi kwa mraba wa upana wake: misumari 70 ikijaa, robo ya uzi imetumika; misumari 100, nusu; na ile 41 ya mwisho inakula nusu nzima iliyobaki. Hii inawashangaza wengi wanaoona fremu imejaa zaidi ya theluthi mbili na kudhani wako ukingoni. Ukitaka kujua kama uzi utatosha, pima kwa mizani ya jikoni ukifika 100: kilichobaki kisipofika sawa na kilichotumika, simamisha upana pale pale na ufunge, shali itakuwa na ukingo wa mita moja.

Uzi mpya unaunganishwa pembeni, si katikati, na bila fundo. Fundo kwenye pamba linafunguka siku ya kufuliwa, na lisipofunguka linakwaruza shingo. Fuma sentimita 15 uzi wa zamani na mpya pamoja. Kwa kuwa tunakwenda nyuzi mbili, zisiishe mahali pamoja. Punguza moja mita mbili hivi zipishane.

Usiache kazi katikati ya mstari. Vitanzi vilivyovutwa vinalegea vikikaa, na ukirudi kesho pale pana mstari wa wima unaoonekana kwenye mwanga. Malizia mstari, ongeza kitanzi chako, funika fremu kwa kanga.

Mikono nayo ina habari yake. Mafuta ya nazi yanashika pamba nyepesi na yanavuta vumbi, kwa hiyo mwenye kusonga ugali au kukaanga vitumbua aoshe mikono kwa sabuni kabla ya kukaa. Chai iwekwe chini, upande wa pili wa mguu. Kwa kikao cha jioni: tangawizi iliyopondwa kipande cha kidole gumba, mdalasini kijiti kimoja, iliki nne zilizopasuliwa, karafuu tatu tu kwa birika la vikombe vinne. Watu wa Pemba tunajisahau na karafuu kwa sababu ipo; zikizidi tatu chai inatia ganzi ulimi na tangawizi haisikiki.

Julai, katikati. Kitanzi kilichoanguka

Msumari wa 88 upande wa kulia ulitoa kitanzi, kikashuka mistari sita. Usifumue. Tafuta kitanzi kizima cha chini kabisa, kishike kwa pini ya kitoto. Juu yake kuna vijiti vya uzi vilivyolala kama ngazi. Kwa mstari wa mbele ndoano inaingia kitanzini kutoka upande wako na kuvuta kijiti kitokeze mbele. Kwa wa nyuma inaingia kutoka upande wa ndani. Pokezana kwa mpangilio ule ule mpaka juu, kisha kivishe msumari. Ukitazama majirani zake wawili utajua kila mstari ni wa aina gani.

Sababu ya kuanguka mara nyingi ni uzi wa pili kutoshikwa. Ndoano inachukua mmoja, mwenzake anabaki nyuma. Pamba isiyosokotwa sana inapasuka hivyo hivyo. Ndoano yenye pua butu inasaidia. Iliyochongoka inachoma katikati ya uzi.

Julai, mwisho. Kufunga ukingo

Vitanzi 141 vimetimia, mstari wa mwisho ulikuwa wa nyuma. Ukingo huu ndio unaokaa shingoni na mabegani, na shali nyingi zinaharibikia hapa. Kufunga kwa ndoano, kuvusha kitanzi kimoja juu ya kingine, kunatoa kamba ngumu isiyovutika. Mabega yanakaa, ukingo unakataa, shali inajikunja kama upinde.

Tumefunga kwa sindano butu ya plastiki. Acha uzi mara nne ya upana, mita 6, nyuzi mbili. Pitisha sindano kwenye kitanzi cha kwanza na cha pili kwa pamoja, rudi kwenye cha kwanza peke yake, kivue msumarini. Kisha cha pili na cha tatu, rudi cha pili, kivue. Uzi uvutwe mpaka ulale tu. Ukiona msumari unaegemea, umekaza. Kila vitanzi ishirini vuta ukingo kwa mikono miwili: unatakiwa uongezeke angalau sentimita moja kwa kila kumi.

Agosti. Kuosha, kutandaza, na mkate

Shali imelowekwa dakika 20 kwenye beseni, maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo. Maji ya mwisho ya kusuuzia yawe ya mvua au ya mfereji yasiyo na chumvi. Visima vingi vya karibu na pwani vina maji ya chumvi, na chumvi ikibaki ndani ya pamba inavuta unyevu wa hewa: nguo haikauki sawasawa na kuvu inaifuata.

Usikamue kwa kusokota. Viringisha ndani ya taulo, kanyaga. Kisha tandaza juu ya jamvi lililofunikwa shuka, vuta ukingo mrefu ufike 145, kina 72, bana kwa pini zisizoshika kutu kila sentimita 5. Kila kiua kifunguliwe kwa kidole. Weka ndani, madirisha wazi, feni ikiwa upepo umelala. Jua la uani linakausha haraka lakini linapausha rangi na kuifanya pamba ikakamae.

Inachukua muda kukauka, na huo ndio muda wa mkate wa kumimina. Mchele vikombe viwili uliolowekwa tangu usiku, tui zito kikombe kimoja na nusu, hamira kijiko kimoja cha chai, iliki. Saga mpaka ukisugua baina ya vidole usisikie chenga. Sukari robo tatu ya kikombe na ute wa yai moja vinatiwa mwisho, halafu unaacha uumuke mpaka juu kujae mapovu. Baada ya hapo usikoroge tena. Ukikoroga mapovu yanakufa na mkate unatoka mzito bila vitundu. Sufuria iwe imeshika moto na mafuta kabla ya kumimina, moto mdogo chini, makaa juu ya mfuniko.

Agosti, mwisho. Matamvua na kuhifadhi

Pande mbili fupi zina takriban mita moja kila upande. Matamvua yako kila sentimita 4, nyuzi nne nne za sentimita 30 zilizokunjwa kati. Yamekatwa kwa kuzungusha uzi kwenye kitabu chenye mzingo wa sentimita 30 na kupasua upande mmoja. Kupima moja moja kwa rula ni kupoteza jioni. Uzito wa shali iliyokamilika ni gramu 420.

Ihifadhiwe imekunjwa, isitundikwe. Karafuu kavu kiasi cha kiganja zifungwe kwenye kitambaa cha pamba ziwekwe pembeni mwa droo. Zisiguse shali moja kwa moja, mafuta yake yanaacha doa la kahawia. Kwa anayetaka kufukiza udi: makaa ya chetezo yawe yameshika majivu, shali ishikwe juu kwa mikono, na matamvua yakusanywe kwanza maana ndiyo yanayoning'inia na kuungua. Iwe kavu kabisa. Pamba yenye unyevu inashika harufu ya moshi badala ya udi.

Uzi uliobaki ni gramu 50. Unatosha kitambaa kimoja cha kushikia birika, misumari 20 kwa mistari 40, na kilichobaki kikunjiwe kibonge cha kurekebishia. Kitambaa cha birika kifumwe kwa pamba tu: akriliki inayeyukia mkononi.